Koo Hufuata Mkoa

Wageni wengi huugawa uimbaji wa jadi wa Korea kwa dini: huu wa mizimu, huu wa wakulima, huu wa Kibudha. Sikio huona vingine. Kwanza sikiliza mkoa.

Mwimbaji wa Jeolla, kusini-magharibi, hutegemea hasa sauti tatu. Ya chini huitetemesha kwa nguvu; ya kati huiacha imenyooka. Ya juu huivunja: akishaigusa tu, huiangusha takriban nusu toni, kama mtu aliyebanwa na kilio. Mtindo huu huitwa yukjabaegi-tori. Tori ni mkusanyiko wa sauti za eneo fulani pamoja na namna ya kuzipamba.

Mvunjo huo utausikia mashambani kwenye mpunga, na utausikia tena kisiwani Jindo katika Ssitgimgut, ibada ya kuosha roho ya marehemu. Nguo zake huviringishwa ndani ya mkeka, mkeka ukasimamishwa na kuoshwa, huku mudang, mpungaji, akiimba. Si ajabu. Huko Jeolla upungaji ulirithiwa ndani ya familia, wanawake wakiimba na wanaume wakipiga ala, na katika familia hizo hizo walitoka waimbaji wengi wa pansori, hadithi ndefu zinazosimuliwa kwa kuimbwa.

Mashariki, Gangwon na Gyeongsang, inatawala menari-tori: mahadhi yanayoteremka taratibu, bila mvunjo ule. Linganisha wimbo wa Arirang wa Jindo na ule wa Jeongseon, Gangwon. Jina moja, makoo mawili. Seoul na Gyeonggi wana gyeong-tori, nyepesi na changamfu, nayo imo hata katika nyimbo za mudang wa jiji. Kaskazini-magharibi huimba kwa sauti ya puani. Baada ya Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953 mtindo huo uliendelea kusini, hasa Incheon na Seoul, kupitia waliohama kutoka huko.

Wabudha ndio wanaovuruga mpango wangu. Beompae, uimbaji wa watawa, huivuta silabi moja mpaka maana ya neno ipotee, na maneno yenyewe mengi ni ya Kichina cha kale. Seoul, Jeolla na Gyeongsang kila mmoja una mtindo wake, lakini tofauti hizo hazigongi sikio kama za mashambani. Mara nyingi mahadhi ya beompae hukaribia menari. Ila katika hwacheong mtawa huimba kwa Kikorea, akisindikizwa na ngoma, ili waumini waelewe. Hapo mahadhi ya kijijini huingia hekaluni bila kubisha hodi.