Cheki Imerudi: Kikundi Kifanye Nini?

Wakati wa mavuno vikundi vingi vya Trans Nzoia na Bungoma huuza mahindi kwa pamoja. Mnunuzi anakuja na lori, anapakia, halafu badala ya pesa taslimu anaandika cheki. Cheki inapelekwa benki, na baada ya siku chache inarudi bila kulipwa. Hapo maneno huanza. Wengine wanasema mweka hazina amekula njama na mnunuzi, wengine wanataka twende polisi leo leo. Pesa za mbegu na mbolea ziko hatarini, na kikundi chenyewe pia.

Jambo la kwanza kuelewa ni hili: cheki iliyorudi si karatasi ya kutupa. Ni ushahidi kwamba mtu anadaiwa. Tena kuna njia mbili za sheria, na kila moja ina kazi yake. Polisi ni njia ya kumwadhibu mdanganyifu. Kesi ya madai ndiyo njia ya kudai pesa zenu.

HATUA ZA MWANZO

1. Chukueni benki karatasi inayoeleza kwa nini cheki imerudi. Mara nyingi mtaona herufi R/D, maana yake mrudie aliyekuandikia. Huenda hana pesa za kutosha, huenda akaunti imefungwa, huenda yeye mwenyewe ameizuia.

2. Mjulisheni aliyeiandika mara moja, kwa maandishi. Msingoje mwezi uishe.

3. Akisema, "Nirudishieni hiyo cheki niwaandikie nyingine," msikubali. Abaki na ahadi zake, nanyi mbaki na cheki yenu mpaka pesa zifike mkononi.

4. Someni habari hii mbele ya wanachama wote na kuiandika kwenye kumbukumbu za mkutano. Hivyo mweka hazina hatashukiwa bure.

NJIA YA POLISI

Kifungu cha 316A cha Sheria ya Makosa ya Jinai kinasema ni kosa kutoa cheki huku ukijua akaunti haina pesa za kutosha au imefungwa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Lakini angalieni tarehe! Cheki ikiwa imeandikwa tarehe ya mbele, ile sehemu ya pesa kutotosha haihusiki. Mnunuzi akiwapa tarehe 5 Januari cheki ya tarehe 30 Machi, ni kama amewaambia leo hana, mngoje. Ndiyo maana wengi hufika kituoni na kuambiwa, "Hilo ni deni, nendeni mahakamani." Kuambiwa hivyo si kusema kwamba deni limekufa. Bado mnaweza kulidai.

NJIA YA MADAI

Anzeni na barua ya kudai. Itaje kiasi, nambari ya cheki, siku iliyorudi, na siku ya mwisho ya kulipa, tuseme siku 14. Wekeni nakala, na mtu aliyeipokea atie sahihi.

Asipolipa, nendeni mahakamani. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 ilianza na madai yasiyozidi shilingi 200,000. Mwaka 2020 kiwango kikapandishwa hadi milioni 1. Madai ya namna hii yanatakiwa yamalizike kwa siku 60 tangu yafunguliwe, na si lazima kuwa na wakili. Ulizeni katika ofisi ya mahakama, Kitale au Bungoma, madai yenu yasikilizwe wapi. Deni likizidi hapo, linaenda kwa hakimu kwa kesi ya kawaida.

Tuseme kikundi kiko karibu na Kitale na mnunuzi anakaa Bungoma. Kesi ya kawaida inaweza kufunguliwa anakokaa mdaiwa, au pale biashara ilipofanyika. Kama cheki ni ya kampuni, anayeshtakiwa ni kampuni, kwa hiyo andikeni jina kama lilivyo kwenye cheki. Mnaweza kuomba pia riba tangu siku cheki ilipokataliwa.

Deni la mkataba lina miaka 6 ya kudaiwa kortini. Hata hivyo msikae. Mdaiwa huhama, na mali huuzwa. Mkishinda naye akatae kulipa, mahakama inaweza kuagiza mali yake ikamatwe na kuuzwa, au pesa zake zilizo benki zishikwe. Kwa hiyo jueni mapema ana nini na kiko wapi.

KINGA

Mahindi yasitoke stoo kabla cheki haijalipwa benki. Mnunuzi mgeni alipe kwa benki moja kwa moja au kwa simu. Andikeni mapatano: magunia mangapi, kilo ngapi, bei gani, na nambari ya kitambulisho chake. Kumbukeni pia cheki ikikaa zaidi ya miezi 6 tangu tarehe yake, benki haitaipokea.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, nani ana ruhusa ya kupokea cheki, na nani anaitunza?

2. Je, tuna barua au deni la zamani ambalo bado halijafika miaka 6?

3. Msimu huu tutakubaliana nini kabla lori halijaingia?