Chatu wawili hawakai kasha moja

KUFUGA chatu wawili au zaidi ndani ya kasha moja kunaweza kumgharimu mfugaji nyoka wake wote, hata kama kwa macho ya mgeni wanyama hao huonekana wametulia na kuzoeana.

Suala hilo linawahusu zaidi wafugaji wa Marekani na Ulaya, ambako chatu mdogo kutoka Afrika, anayejulikana kitaalamu kama Python regius, ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa kwa wingi majumbani.

Chatu huyo, ambaye asili yake ni ukanda unaoanzia Senegal hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa kawaida huwa na urefu wa sentimita 90 hadi 150. Waingereza humwita chatu wa kifalme, wakati Wamarekani wamempa jina la mpira kwa sababu anapotishwa hujiviringa na kuficha kichwa katikati ya mwili.

Biashara yake ya kimataifa huhitaji vibali chini ya mkataba wa CITES, na kwa miaka mingi Ghana, Togo na Benin zimekuwa zikiuza nje maelfu ya makinda yake. Kwa kuwa ni mpole na si ghali, wengi huanza na mmoja, kisha hujikuta wana watatu au wanne. Hapo ndipo linapozuka swali la mahali pa kumweka yule wa pili.

Jibu la madaktari wa wanyama na wafugaji wazoefu ni kwamba kila nyoka apewe kasha lake. Methali ya fahali wawili kutokaa zizi moja inawahusu pia nyoka hawa, ingawa ugomvi wao hauna kelele.

Porini, chatu huyu huishi peke yake. Mchana hujificha katika mashimo ya panya na vichuguu, na usiku hutoka kuwinda. Hana haja ya mwenzake isipokuwa wakati wa kupandana.

Wawili wanapoonekana wamelaliana, mara nyingi si mapenzi bali wote wanataka sehemu ile ile yenye joto au maficho yale yale. Mnyonge husukumwa upande wa baridi, na kwa kuwa nyoka hutegemea joto la nje ili kusaga chakula, huanza kukataa kula, hukonda na kuwa rahisi kushambuliwa na maradhi.

Hatari nyingine hutokea wakati wa kulisha. Chatu wawili wanaweza kumkamata panya mmoja, na yule mwenye nguvu akaendelea kumeza hadi kufikia kichwa cha mwenzake.

Aidha, mfugaji hawezi kujua ni nani aliyetapika au aliyetoa kinyesi chenye kasoro. Hilo ni jambo zito kwa chatu huyu, ambaye hata akiwa mzima anaweza kususa chakula kwa miezi kadhaa.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, ni magonjwa. Mwaka 2014 watafiti nchini Marekani walieleza kuhusu virusi vya kundi la nido vilivyopatikana kwa chatu wa aina hii waliokuwa na nimonia. Miaka miwili kabla, virusi vya kundi la arena vilihusishwa na ugonjwa unaoshambulia mishipa ya fahamu ya chatu na nyoka wa jamii ya boa.

Magonjwa hayo hayana chanjo wala tiba ya kuyaponya. Dalili zake ni pamoja na mate mazito mdomoni, kupumua kwa mdomo wazi, na nyoka kushindwa kujigeuza anapolazwa chali. Lakini nyoka anaweza kubeba virusi kwa muda mrefu bila dalili yoyote, na utitiri wanaonyonya damu wanaweza kuhama kutoka kwa mmoja hadi mwingine.

Ndiyo maana nyoka mgeni hutakiwa kukaa karantini kwa muda usiopungua siku 90, katika chumba tofauti na kwa vyombo vyake mwenyewe. Huhudumiwa wa mwisho, baada ya wenyeji, na mikono huoshwa kwa sabuni kila mara.

Kasha la chatu mkubwa linalopendekezwa na wengi ni la sentimita 120 kwa 60 kwa 60, ili aweze kujinyoosha. Upande mmoja huwa na joto la nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na mwingine nyuzi 24 hadi 27. Kila upande huwekwa maficho, pamoja na bakuli la maji safi.

Kila kasha linahitaji pia kidhibiti joto chake. Kidhibiti kimoja kikitumika kwa makasha kadhaa, hupima kasha moja tu, na mengine yanaweza kupoa au kuunguza nyoka bila mwenyewe kujua.

Kufuli nayo si pambo. Agosti 2013, chatu mkubwa wa Afrika alitoroka katika nyumba moja mjini Campbellton, Canada, kupitia tundu la hewa, akawaua watoto wawili waliokuwa wamelala. Chatu wa kifalme hana nguvu hizo, lakini anayetoroka anaweza kufa kwa baridi au kueneza maradhi kwa wenzake.

Wapo wanaotoa mfano wa hekalu la chatu mjini Ouidah, Benin, ambako makumi ya nyoka hawa hukaa chumba kimoja. Tofauti ni kwamba wale huachiwa usiku watoke kujitafutia chakula, jambo ambalo nyoka wa ndani ya kasha hawezi kulifanya.

Kwa afya ya watu, nyoka huweza kubeba bakteria wa salmonella. Vyombo vyao havipaswi kuoshwa jikoni, na watoto wa chini ya miaka mitano hawapaswi kuwashika.

Kwa Tanzania na Kenya, nyoka ni wanyamapori, na kuwafuga bila kibali ni kosa kisheria.

Chatu huyu huweza kuishi miaka 20 hadi 30 akitunzwa vema. Kwa hiyo anayetaka wa pili anashauriwa kununua kwanza kasha la pili, na asiye na nafasi ya kuliweka abaki na mmoja alionao.