Mita Inapokataa: Safari ya Kosa Ndani ya Programu

Tokeni ya stima ina tarakimu 20, na mtu wa Maringo au Hamza, Nairobi, aliyezoea kuzibonyeza huzigawa nne nne ili asipotee njiani. Akimaliza hungoja. Mara nyingi mita hukubali na yuniti zikaongezeka. Mara nyingine hukataa, na hapo ndipo huzuka maswali ambayo waandishi wa programu wamehangaika nayo kwa zaidi ya miaka 50: ni nini kilichokwenda mrama, nani amekijua kwanza, kimeandikwa wapi, na habari yake imemfikiaje aliyesimama gizani na simu mkononi?

Mpango huu wa tokeni ulibuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo unatumiwa na mashirika ya umeme ya nchi nyingi, Kenya Power likiwamo. Zile tarakimu 20 ni namna ya kuandika biti 66. Biti 6 hutaja aina ya tokeni, 4 ni za kubahatisha, 24 hubeba dakika ambayo tokeni ilitengenezwa, 16 hubeba kiasi cha umeme, na 16 za mwisho ni hesabu ya kuthibitisha kwamba hizo nyingine hazikuharibika. Takriban zote hufungwa kwa ufunguo wa siri wa mita moja tu. Ndiyo sababu tokeni ya jirani haiwezi kukuwashia taa.

Mita ikiipokea tokeni huifungua na kuikagua hatua kwa hatua, na kila hatua ina namna yake ya kushindwa. Hesabu ya mwisho isipolingana, ama umekosea tarakimu ama tokeni ni ya mita nyingine. Dakika iliyomo ikiwa tayari imo katika kumbukumbu ya mita, tokeni imeshatumika. Dakika hiyo ikiwa ni ya zamani kuliko zote ambazo mita inazikumbuka (na mita hutakiwa kukumbuka tokeni 50 za karibuni), tokeni ni ya kale. Ufunguo ukiwa umepitwa na wakati, kuna jibu lake. Umeme ukizidi kile ambacho rejista ya mita inaweza kuhesabu, kuna jibu lake pia.

Mita basi inajua. Inajua kwa undani kuliko mtu yeyote katika ploti ile, na kila moja ya sababu hizo inamtaka mwenye nyumba afanye jambo tofauti. Ya kwanza inamwambia arudie polepole. Ya pili inamtuliza, kwa kuwa stima yake ilishaingia. Ya ufunguo inamtuma kwa kampuni, na hata akibonyeza hadi usiku wa manane hatapata kitu. Ukizifunika zote kwa neno moja, "imekataliwa", umechukua maarifa yaliyokuwapo ukayatupa mlangoni pa aliyeyahitaji. Kosa ni habari. Kuiandika habari hiyo na kuifikisha ni kazi inayostahili ufundi ule ule unaowekwa katika kuifanya programu ifaulu, na ni kazi inayopuuzwa mno.

Programu za vifaa vidogo kama mita kwa kawaida huandikwa kwa lugha ya C, aliyoibuni Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. C ni lugha ya watu wa kazi: ndogo, ya haraka, haina mapambo. Lakini fanksheni yake ikishindwa haina namna ya kupiga yowe. Lugha zilizokuja baadaye, kama Java, huweza kusimamisha kazi na kurusha kosa juu hadi mtu alidake. Fanksheni ya C hurudisha jibu tu, na aliyeiita ana hiari ya kulisoma au kulipuuza.

Wajenzi wa mfumo wa Unix walipata njia ambayo ingali inatumika. Fanksheni ya mfumo ikishindwa hurudisha -1, kisha namba ya sababu huwekwa mahali maalumu paitwapo errno. Namba 2 maana yake faili haipo. Namba 13, huna ruhusa. Namba 28, diski imejaa. Kuna uzuri mkubwa hapa: namba ni ya programu, maneno ni ya binadamu, na viwili hivyo vimetenganishwa. Programu huamua la kufanya kwa kutazama namba. Fanksheni nyingine, strerror, huigeuza kuwa sentensi pale tu mtu anapotaka kuisoma.

Ubaya wake ni kwamba nafasi ni moja. Ukishindwa kufungua faili, kisha kabla ya kuisoma errno ukaita fanksheni nyingine nayo ikashindwa, sababu ya kwanza imefutika. Tena fanksheni iliyofaulu hailazimiki kuisafisha errno, hivyo anayeitazama bila kwanza kuhakikisha kwamba kuna lililoshindikana atasoma kosa la zamani akidhani ni la sasa. Programu zilipoanza kuendesha nyuzi kadhaa, yaani kazi kadhaa ndani ya programu moja, kwa wakati mmoja hali ilikuwa mbaya zaidi, maana uzi mmoja ungeweza kuandika juu ya kosa la mwingine. Kanuni za POSIX za 1995, zinazosawazisha mifumo ya jamii ya Unix, ndizo zilizoupa kila uzi errno yake.

Maktaba kubwa, yaani mikusanyo ya fanksheni inayotumiwa na programu nyingine, zilijifunza kutokana na hayo. OpenSSL, maktaba ya C inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, huweka makosa katika foleni. Fanksheni ya chini kabisa ikishindwa huandika sababu, jina la faili ya programu na mstari wake. Iliyoiita huongeza maelezo yake, na hivyo hadi juu. Aliye juu akiisoma foleni hupata kisa kizima, kuanzia chanzo. Na maktaba yenyewe haiandiki chochote kwenye skrini, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote. Haijui kama imo ndani ya seva, ndani ya simu, au ndani ya kifaa kisicho na skrini. Kazi yake ni kuhifadhi na kukabidhi. Uamuzi ni wa aliyeiita.

Hata hivyo kuandika vizuri hakutoshi ikiwa jibu lenyewe lina umbo la kupotosha, na OpenSSL ilionyesha hilo pia. Januari 2009 ilitangazwa dosari iliyosajiliwa kama CVE-2008-5077. Fanksheni ya kukagua saini za kidijitali ilikuwa na majibu matatu: 1 saini ni ya kweli, 0 saini ni ya uongo, na -1 ukaguzi wenyewe umeshindikana. Sehemu kadhaa za programu ziliuliza swali moja tu: je, jibu ni sifuri? Katika C kila kisicho sifuri huhesabiwa kuwa kweli. Basi -1 ikapita langoni pamoja na 1, na saini iliyoharibiwa kwa makusudi ingeweza kukubaliwa kama halali. Kosa liligunduliwa, likarudishwa kama ilivyopasa, na msomaji akalisoma kuwa ushindi.

Kati ya chanzo cha kosa na mtu wa mwisho kuna ngazi nyingi. Ni kama ilivyo kwenye matatu ya Jogoo Road: abiria wa kiti cha nyuma akisema anashukia Hamza, wa katikati hupokea, konda hugonga bodi, dereva hufunga breki. Mmoja akinyamaza, stegi imepita. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison waliichunguza Linux, katika sehemu zake zinazoshughulikia mafaili na diski, kutafuta walionyamaza namna hiyo. Walikuta miito ya fanksheni 1,153, karibu asilimia 13 ya ile waliyoichunguza, ambamo namba ya kosa ilipokelewa na kuachwa bila kushughulikiwa. Na hiyo ni programu inayoandikwa na mafundi hodari na kusomwa na maelfu.

Miaka sita baadaye, timu ya Chuo Kikuu cha Toronto ilichambua visa 198 vya kushindwa katika mifumo mitano mikubwa ya kuhifadhi na kuchakata data. Katika visa vilivyoangusha mfumo mzima, asilimia 92 vilitokana na namna mbaya ya kushughulikia kosa ambalo programu ilikuwa imeshaliripoti. Takwimu hiyo hunisumbua kila ninapoikumbuka. Haisemi kwamba mashine zilishindwa kutambua tatizo. Inasema zilitambua, zikasema, na upande wa pili pakawa na mistari michache iliyoandikwa haraka haraka bila kujaribiwa.

Katika mita, ngazi hizo zinaonekana kwa macho. Katika mitaa mingi ya Nairobi mita yenyewe iko juu ya nguzo au ndani ya sanduku lililofungwa, na kilichomo nyumbani ni kidude cha kubonyezea namba tu. Vifaa hivyo huzungumza kupitia waya ule ule wa stima. Mazungumzo yakikatika, tokeni haina hatia, haijafika hata kukaguliwa. Aliyeambiwa "imekataliwa" kwa jambo hilo anaweza kununua nyingine kwa pesa za unga, na ile ya kwanza ni nzima.

Kisa chenye mafunzo mengi zaidi ni cha 2024. Dakika zile za tokeni huhesabiwa tangu Januari 1, 1993, na biti 24 haziwezi kupita dakika 16,777,216. Idadi hiyo ilitimia Novemba 24, 2024. Baada ya hapo hesabu ingeanza upya kutoka sifuri, na mita ambayo haijarekebishwa ingeitazama tokeni iliyonunuliwa asubuhi hiyo na kuiona ni ya kale kuliko zote inazozikumbuka. Ingekataa, na kwa kanuni zake ingekuwa imesema kweli. Ukweli wa aina hiyo haumsaidii mama wa Makongeni mwenye nyama kwenye friji.

Mashirika ya umeme yalilijua jambo hilo mapema. Kenya Power iliwatumia wateja wake namba za ziada: mbili za kuingizwa kwanza, zinazobadilisha ufunguo na kusafisha kumbukumbu ya mita, kisha tokeni yenyewe iliyonunuliwa. Ukiitazama hatua hiyo kwa jicho la mwandishi wa maktaba, hiyo ni ripoti ya kosa kama inavyopaswa kuwa, tena iliyotangulia kosa lenyewe. Ilimwambia mtu afanye nini, kwa mpangilio gani, na ikapita njia anayoisoma kila siku, simu yake. Mwanzo mpya wa hesabu ni 2014, kwa hiyo biti zile 24 zitajaa tena Novemba 2045.

Njia hiyo ya simu ndiyo ningependa itumiwe zaidi. Skrini ya kidude cha nyumbani ni ndogo, na nyingi huonyesha tarakimu na herufi chache tu. Haiwezi kubeba sentensi, lakini inaweza kubeba namba, na kila aina ya mita inaweza kuwa na jedwali lake la namba hizo lililoandikwa kwa Kiswahili cha kawaida: tokeni hii imeshatumika, angalia yuniti zako; umekosea tarakimu, rudia; kidude hakiwasiliani na mita, kichomeke kwenye soketi nyingine ujaribu tena. Ujumbe mfupi unaoleta tarakimu 20 unajua tayari ni wa mita gani, na sentensi moja au mbili za namna hiyo zingeenea humo.