MAFUTA YANAKULA FAIDA YAKO? ANZIA HAPA

Umeuza vitu vitatu mtandaoni, umezunguka Dar nzima kuvipeleka, jioni ukipiga hesabu faida imeishia sheli. Fanya hivi:

1. Panga oda kwa barabara. Ubungo, Kimara na Mbezi Mwisho siku moja, Temeke na Mbagala siku nyingine. Mteja anayetaka leo leo alipie bodaboda.

2. Piga simu kabla hujatoka. Asiyepokea, mzigo wake ubaki nyumbani.

3. Pima upepo wa matairi asubuhi, yakiwa yamepoa. Kipimo sahihi kwa kawaida kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Upepo ukipungua, gari linakuwa zito na linakula zaidi.

4. Kwenye foleni acha nafasi, nenda taratibu. Kukanyaga mafuta halafu breki ni hasara tupu. Ukimsubiri mteja, zima gari.

5. Jua gari lako linakula kiasi gani. Jaza tenki, andika kilomita. Ukijaza tena, gawa kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza. Tuseme umepata kilomita 10 kwa lita, na lita ni shilingi 3,000. Mteja wa kilomita 20, kwenda na kurudi ni lita 4, yaani 12,000. Ukimtoza 5,000, zile 7,000 umezitoa mfukoni kwako!

EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Siku hiyo rudia hesabu yako, kisha panga upya bei ya kupeleka mzigo.

Mtumie na muuzaji mwenzako.