Kipuri cha asili kina bei, na mpakani kina ushuru

Fundi anayefufua pikipiki ya BSA Bantam hataki kipuri chochote tu. Anataka cha asili. Bantam ilitengenezwa Birmingham, Uingereza, kuanzia 1948 hadi 1971, na kiwanda chake kilishafungwa. Ndiyo maana kabureta halisi ya Amal huthaminiwa kuliko ya kuiga.

Mfanyabiashara anayeinunua Nairobi na kuivusha Namanga asijidanganye. Cheti rahisi cha uasili cha Afrika Mashariki, kinachoondoa ushuru wa forodha kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zinazozalishwa ndani ya jumuiya. Kununuliwa Kenya hakuifanyi kabureta kuwa ya Kenya. Asili ileile inayopandisha bei ndiyo inayoinyima msamaha. Piga hesabu ya ushuru kabla ya kukubaliana bei na mteja.