Simu Haina Ritongo

Wakazi wa Tarime na Serengeti hawakuanza kuangaliwa siku walipopata simu janja. Balozi wa nyumba kumi alikuwapo tangu enzi za TANU, na sungusungu, walinzi wa jadi, walipoenea miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, zizi lililojaa ghafla lilitakiwa kutolewa maelezo. Sungusungu hao walikuwa wakali, mara nyingine waonevu, na sina nia ya kuwapamba. Lakini mtuhumiwa aliitwa kwenye ritongo, baraza la wanajamii, akawaona wanaomshtaki, na ndugu zake wakapata nafasi ya kusema.

Labda ndiyo maana usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019, ulipita bila upinzani mkubwa. Rais Magufuli aliongeza muda wa kujisajili kwa siku ishirini, mwisho ukawa Januari 20, 2020, na manung'uniko yalihusu foleni za vitambulisho vya NIDA kuliko kidole chenyewe.

Imani imeliwa na kitu kingine: kuangaliwa na mtu usiyeweza kumwita akajibu. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kuamuru taarifa zitolewe kwa ajili ya upelelezi, bila kwenda kwa hakimu. Jamii Media, kampuni inayoendesha jukwaa la mtandaoni, ilikipinga mahakamani. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikakiacha kama kilivyo. Septemba 7 mwaka huo huo Tundu Lissu, mbunge wa chama cha upinzani cha CHADEMA, akapigwa risasi Dodoma. Miaka saba baadaye gazeti la Guardian la Uingereza, likitumia nyaraka za shauri la kazi lililofunguliwa London, liliandika kwamba kampuni ya Tigo ilikuwa ikiipa serikali taarifa za simu yake na mahali alipo, katika wiki za kabla ya shambulio. Kwamba taarifa hizo ndizo zilizowaongoza wapiga risasi, hilo halijathibitishwa. Ila Tarime, iliyowapeleka bungeni John Heche na Esther Matiko wa CHADEMA mwaka 2015, haikuhitaji kuelezwa habari hiyo ina uzito gani.

Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, huko Isebania, Wakenya nao hawaiamini sana mitandao yao. Oktoba 2024 magazeti ya Nation yalidai kwamba Safaricom huwafungulia polisi taarifa za wateja, kampuni ikakana. Tofauti ni kwamba ugomvi ule uliendeshwa hadharani. Kwetu, Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa. Iliporudi baada ya siku kadhaa, ujumbe mfupi uliingia kwenye simu nyingi ukionya dhidi ya kusambaza picha na video za kuzua taharuki. Serikali ilikuwa na namba ya kila mtu, na hivyo ndivyo ilivyoitumia.

Hasara yake haiishii kwenye siasa. Mugumu, wilayani Serengeti, kuna Hope for Girls and Women, shirika la Rhobi Samwelly, lililofundisha wawakilishi vijijini kuripoti kwa simu janja wasichana walio hatarini kukeketwa. Ukeketaji huku huja kwa msimu, mara nyingi Desemba, na msichana anayetoroka usiku huokolewa na ujumbe uliofika mapema. Ujumbe huo lazima umfikie polisi, na polisi ni yule yule wa kifungu cha 32. Mama anayejiambia kwamba mambo mengine si ya simu, tuongee tukionana, hachagui mambo ya siasa peke yake. Anaponyamaza, anayefurahi ni ngariba.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na tume yake ipo, ingawa usalama wa taifa umeachiwa mlango mpana. Ninachokiona kinakosekana ni hesabu. Mwaka 2014 Vodafone ilitangaza kwamba maombi ya taarifa za mawasiliano ya wateja wake Tanzania yalizidi 98,000 kwa mwaka mmoja, na hapo kifungu cha 32 kilikuwa bado hakijazaliwa. Vijiji hutakiwa kubandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo. Mkoa wa Kipolisi Tarime Rorya ungeweza kubandika, bila jina la mtu, idadi ya amri zilizotolewa na wakuu wake wa vituo kila robo mwaka, na ngapi kati ya hizo zilifika mahakamani.