Meli Iliyozama Katika Sinema

Naomba nafasi kidogo nieleze habari za filamu moja ya zamani, maana yatuhusu kuliko tunavyodhani.

Jumamosi moja jioni tuliitazama The African Queen katika gereji ya rafiki yangu fundi. Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wanashuka mto kwa mashua mbovu, nia yao kuizamisha Louisa, meli ya vita ya Wajerumani. Mwishoni Louisa inalipuka na kuzama. Vijana wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Kwanza nieleze mambo yasiyoonekana katika picha. Mwongozaji alikuwa John Huston. Yeye na Bogart walikwisha kufanya The Maltese Falcon mwaka 1941, ile filamu ya mpelelezi na vivuli, ambayo ilikuwa ya kwanza kuongozwa na Huston. Nahodha anayeingia na ile sanamu ya ndege, kisha akaanguka na kufa, ni Walter Huston, baba yake mwongozaji! Miaka 10 baadaye, mwaka 1951, wakaja kupiga picha Kongo na Uganda. Mashua yao ilizama kweli, ikabidi iopolewe. Hepburn alishikwa na tumbo la kuhara. Bogart na Huston hawakuugua, na Bogart alidai ni kwa sababu ya wiski. Sisemi tuwaige! Sehemu nyingi za wachezaji kuingia majini zilipigwa Uingereza, ndani ya tangi. Kwa kazi hiyo Bogart alipata tuzo ya Oscar, ya pekee maishani mwake.

Basi, ziwa letu la Tanganyika halimo katika picha. Walakini kitabu cha C. S. Forester cha mwaka 1935, kilicholeta filamu hiyo, kinakumbusha vita vya ziwa letu. Meli kubwa ya Wajerumani hapa ilikuwa Graf von Goetzen. Iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma katika makasha yapata 5,000, ikashushwa majini mwaka 1915. Hakuna mashua iliyoizamisha. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiipate, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, mitambo ikaonekana mizima. Mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina jipya: Liemba.

Mei 2015 nilikuwa ufukoni Kagunga, mimi na mama yangu, kati ya maelfu ya Warundi waliokimbia. Mama alikuwa mgonjwa, hawezi kusimama. Liemba ikaja. Gati hakuna, kwa hiyo tulipelekwa kwa mitumbwi, na mama akapandishwa mikononi mwa watu nisiowajua. Kigoma alitibiwa, akapona. Leo yuko hapa Buyenzi, ananiuliza naandika nini.

Kijana mmoja aliniuliza, "Kaka, mbona hukupiga makofi?" Nikamweleza haya yote. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe ni grisi!" Fundi akatazama mikono yake, akacheka.

Wanafunzi, furahini na sinema, lakini ulizeni pia ilikopatikana. Huenda mkakuta meli iliyompeleka mama kwa daktari.